Waipa za IST zinaacha maji katikati ya kioo, nanunua saizi gani?

MwalimuTukuyu
Wakuu, habari za jioni. Naishi Tukuyu, kazi iko Uyole, gari ni Toyota IST. Wanaopita hii njia wanaijua Isyonje: Uyole umeacha jua linawaka, ukipanda juu unapokewa na mvua na ukungu kwa pamoja. Sasa waipa ya upande wangu inafuta juu na chini, katikati inaacha utepe wa maji palepale macho yanapotazama. Ya abiria inafuta, ila inalia kwekwekwe.

Nimenunua jozi kwenye duka la spea Mwanjelwa, muuzaji akasema "hizi ndizo za IST". Nafungua nyumbani, zote urefu mmoja! Ya abiria ikienda inaigonga mwenzake. Naomba kujua saizi, na kama kazi hii naweza mwenyewe au nimwachie fundi.

SukaWaKiwira
Mwalimu, kama umenizidi umri shikamoo, kama nimekuzidi nasubiri yangu.

Hizo rudisha. IST waipa zake za mbele hazilingani, ya dereva ni ndefu, ya abiria fupi. Na usinunue kwa jina la gari, maana huyo aliyekuwa nalo kabla yako huenda alishafunga za kwake. Chukua futikamba, pima raba yenyewe kutoka ncha hadi ncha, kila upande peke yake. Za Kijapani zimeandikwa kwa milimita, maduka yetu wanataja inchi: 350 ni inchi 14, 400 ni 16, 600 ni 24. Ukienda na namba mkononi hakuna wa kukupanga.

Kumlipa fundi kwa hili mimi siafiki. Zima gari, inua mkono wa waipa mpaka usimame. Halafu kabla hujagusa kitu kingine, kunja taulo au kanga ilaze kwenye kioo chini ya huo mkono. Usilidharau hili. Mkono una springi kali, ukishatoa waipa unabaki chuma kitupu, na ukikuponyoka unashuka kwenye kioo kwa nguvu zake zote. Kioo cha mbele na raba ya waipa bei zake unazijua.

Ncha ya mkono imepinda mfano wa ndoano. Geuza waipa ikae msalaba na mkono, utaona kidude cha plastiki pale katikati. Kibonyeze kwa kidole, huku unaisukuma waipa kuelekea chini, upande wa shina la mkono. Watu wengi wanaivuta juu, ndiyo maana wanavunja plastiki na kusema imeganda. Ikitoka kwenye ndoano, ichomoe. Mpya unaipitisha vilevile, ila unaivuta juu mpaka isikike "ta!". Isipolia haijakaa.

Na kama chuma cha waipa bado kizima, hakijapinda wala kulegea, nunua raba tupu. Raba ina ncha moja yenye vishimo ambamo makucha ya mwisho ya chuma cha waipa yanang'ata. Shika hapo, vuta kwa nguvu, itateleza yote. Ndani yake kuna vyuma viwili vyembamba, usivitupe! Vihamishie kwenye raba mpya na mpindo wao uleule, pitisha kucha moja baada ya nyingine, usiruke hata moja. Ile ncha yenye vishimo ikae upande wa shina. Makucha yasipong'ata vizuri, raba itachomoka mvua ikiwa imekolea.

Mzee_wa_Soweto
Mnajisumbua bure. Paka mafuta ya taa kwenye raba, zinarudi laini kama mpya.

SukaWaKiwira
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapana. Mafuta ya taa yanailegeza raba leo, baadaye inavimba na kupasuka. Na kioo kinabaki na utando wa mafuta, usiku taa za malori zikikupiga usoni huoni kitu. Kitambaa chenye maji kinatosha kufuta raba.

DadaMafinga
Niongezee hapo kwenye kelele za waipa. Si lazima iwe raba, angalia na kioo. Huku Mafinga ukiegesha chini ya misonobari, utomvu unadondoka kidogokidogo, kwa macho huuoni, lakini waipa ikipita inarukaruka. Maji na sabuni havitoi kitu. Mimi natumia spiriti kwenye kitambaa, nasugua taratibu mpaka kitambaa kiteleze bila kukwama. Ikiendelea kuruka na raba ni mpya, mkono wenyewe umepinda, hapo sasa fundi ale hela yake.

Halafu jamani, msiweke sabuni ya unga kwenye tanki la maji ya kioo. Inaganda kwenye vitundu vya kurushia maji.

MwalimuTukuyu
Ndaga fijo, asanteni sana wote. Duka walinuna ila wamebadilisha, nimepima kabla ya kulipa. Ya dereva chuma kilikuwa kizima, nimeweka raba tu, utepe umeisha. Ya abiria nimefunga nzima. Vipi ya nyuma, nayo ni ndoano?

SukaWaKiwira
Nyingi za nyuma si ndoano, mshiko ni wa plastiki. Inua mkono, geuza waipa taratibu mpaka iachie. Usilazimishe, plastiki ya miaka mingi juani inakatika kirahisi. Ukimaliza mwagia kioo maji ndipo uwashe, usiijaribu kavu. Na ile marahaba bado naisubiri.