Tupeane uzoefu: Nyumbani kuna wala nyama na wasiokula, mnapikaje?

MamaPacha: Wadau, habari za jioni. Mezani kwangu tuko makundi mawili. Mume wangu ni Msabato, na ingawa si Wasabato wote wanaoacha nyama, yeye kaacha kabisa, kuku na samaki humo humo. Mayai na maziwa anatumia. Watoto wakikosa nyama wananuna. Kupika mara mbili kila siku siwezi, bei ya gesi mnaijua. Leteni mnavyofanya, ila asiniambie mtu "mpikie mchicha". Mchicha anaupenda, lakini na pilau anaitaka.

Naanza na hiyo pilau. Ukitoa nyama, pengo kubwa linaachwa na supu yake, vipande vyenyewe si tatizo. Kwa hiyo supu naitafuta kwingine. Dengu nazilowesha usiku, nazichemsha na chumvi, tangawizi na kijiti cha mdalasini, na maji yake ndiyo napikia mchele. Vitunguu navikaanga taratibu mpaka viwe kahawia iliyokolea, maana rangi ya pilau iko hapo na utamu wake nusu uko hapo. Halafu kitunguu saumu, bizari nyembamba, iliki, karafuu, pilipili manga, viazi, na dengu zenyewe. Nyama ya watoto naikaanga pembeni, kila mtu anajiwekea juu ya sahani yake. Ijumaa mchana inakuwa tayari, Sabato tunapasha tu.

Bachela Sugu: Pilau bila nyama ni wali uliovaa nguo ya kuazima. Nimemaliza.

MamaPacha: Karibu Tabata uionje kwanza, shemeji.

Mla Mtori: Moshi hapa. Kwetu shida ilikuwa mtori, kwa sababu binti yetu wa sekondari aligoma nyama tangu aone mbuzi akichinjwa. Bibi yake akasema mtori bila mfupa ni uji wa mgonjwa. Tulichofanya, ndizi zinachemshwa peke yake na kitunguu, karoti na hoho, zinapondwa laini, kisha maziwa na siagi. Mfupa unachemka sufuria nyingine. Bibi anaongezewa supu na minofu kwenye bakuli lake, binti anakula vilevile ulivyo. Siku nyingine tunapika kiburu, ndizi na maharage, chakula cha Wachaga tangu zamani ambacho hakikuwahi kudai nyama. Hapo bibi hana la kusema!

Binti wa Kisauni: Nyie mwahangaika na pilau, biriani je? Ndiyo rahisi kushinda zote, kwa sababu huku pwani wali na masala hupikwa mbalimbali tangu mwanzo. Mimi napika masala sufuria moja: vitunguu vya kukaanga vikavu, nyanya, tungule ya kopo, thomu na tangawizi, maziwa mgando, bizari. Yakishaiva kabla sijatia kuku, nachota nusu naweka kando. Kwenye hiyo nusu natia viazi vya kukaanga, mayai ya kuchemsha na bilingani lililokaangwa likakauka. Wali ni ule ule mmoja. Wageni wengine huacha kuku wakahamia upande wa bilingani, ikabidi niongeze kipimo. Angalizo: mafuta yaliyokaangia samaki usiyatumie kwa viazi vya asiyekula samaki. Atajua kabla hujafika mezani.

Mkaazi wa Rongai: Sisi Nairobi tunatumia nyama ya soya ya pakiti. Wengi wanaichukia kwa sababu wanaitia kwenye mchuzi moja kwa moja. Iloweke kwa maji moto hadi ilainike, ikamue sana, ioshe, ikamue tena. Ile harufu inatoka na hayo maji. Kisha ipake viungo, ikaange ikauke kabla nyanya haijaingia. Na msome pakiti ya viungo vya mchuzi, vingine vina mafuta au ladha ya ng'ombe ndani.

Shamba Unguja: Hakuna aliyetaja fenesi? Fenesi changa, kabla kokwa hazijawa ngumu. Paka mafuta mikononi na kwenye kisu kwa sababu ya utomvu. Lichemshe lilainike, lichambue, nyuzi zake utadhani minofu ya kuku. Lipike mchuzi wa nazi na ndimu. Mzee wangu alikula sahani mbili ndipo akauliza ni kuku wa wapi.

Nesi wa Zamu: Fenesi ni tamu lakini protini yake ni ndogo, msilitegemee peke yake. Liwe na dengu, maharage, choroko au mbaazi pembeni. Asiyekula nyama lakini anatumia mayai na maziwa, vitamini B12 anaipata humo. Asiyetumia hata mayai na maziwa aongee na daktari kuhusu vidonge, mboga hazitamtosheleza. Na kachumbari yenye ndimu iwepo mezani, inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye maharage. Chai ya rangi isubiri, msiinywe pamoja na chakula.

Bachela Sugu: Haya, nakubali fenesi. Pilau bado.

Mke wa Fundi: Swali dogo. Sambusa mnazitofautishaje? Nikikaanga za nyama na za dengu zote zinafanana, na wifi yangu hali nyama.

Binti wa Kisauni: Kaanga za dengu mwanzo, mafuta yakiwa safi. Na usizikunje pembe tatu, zikunje ndefu. Hata watoto watajua zipi za shangazi yao.