Ukiwa na Yesu, dhehebu la nini?

Mtembea Pekupeku
Wakuu, salaam. Nimebatizwa KKKT, kwa Walutheri, nikapata kipaimara, kwaya ya vijana nimeimba. Siku hizi Jumapili nafungua Biblia sebuleni na wanangu, tunasoma, tunaomba, tunaimba pambio mbili tatu, basi. Juzi mzee wa kanisa kanipigia simu kuuliza kwa nini bahasha yangu ya sadaka haionekani. Hata kama naumwa hakuuliza! Sasa naomba tujadili. Yule towashi Mkushi wa Matendo 8 alibatizwa njiani na Filipo, akashika safari yake kwa furaha. Aliandikishwa usharika gani? Mhalifu pale msalabani alikuwa na namba ya bahasha? Dhehebu ni chama kama vyama vingine, ndiyo maana linaandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya pale Mambo ya Ndani. Na siku hizi huwezi kutofautisha ibada na mnada, mayai yanauzwa madhabahuni.

Nuru ya Asubuhi
Waebrania 10:25 inasema tusiache kukusanyika. Umeiruka?

Mtembea Pekupeku
Sijairuka. Mathayo 18:20 inasema wawili au watatu. Kwangu tuko wanne.

Mangi wa Marangu
Ngoja kwanza. Mayai yanauzwa madhabahuni kanisa gani hilo? Mnada unafanyika nje baada ya ibada, watu wameshapewa baraka. Bibi yangu hakuwahi kushika mshahara maisha yake yote. Sadaka yake ilikuwa mkungu wa ndizi au mayai matatu kwenye kikapu. Mzee anasimama pale, "yai la bibi, nani anaanza?", mtu anatoa 2,000, analirudisha, linanadiwa tena, mpaka linafika 15,000 na bibi anarudi nyumbani kichwa juu. Wewe mwenye hela kwenye simu unaliona soko. Na hospitali mnayokimbilia mkiumwa, KCMC, imejengwa na mayai hayohayo!

Kalamu Kavu
Mangi, tetea mnada wako lakini usitupige kamba. KCMC ilifunguliwa 1971 na fedha nyingi za ujenzi zilitoka kwa wafadhili wa nje. Labda kama mayai yalisafirishwa Ujerumani.

Mangi wa Marangu
Nani alitoa ardhi na jasho? Ulikuwepo?

Kalamu Kavu
Wewe ulikuwepo?

Mwanajumuiya
Mleta mada, sisi Wakatoliki tunakushangaa. Hiyo Biblia unayoisoma sebuleni nani aliikusanya? Kanisa. Tena nyinyi mkapunguza vitabu 7. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, miaka ya 70 walisisitiza jumuiya ndogondogo ili Mkristo asiwe yatima ndani ya parokia kubwa. Nyumba kwa nyumba, mnajuana mgonjwa nani, mfiwa nani. Wewe ukifa kesho, nani atakuja kukuzika? Towashi?

Mama Wawili
Mwanajumuiya, umenigusa pabaya. Mama yangu mdogo aliuguza mumewe miaka, jumuiya akawa haendi. Mume alipofariki, mwenyekiti wa jumuiya akafungua daftari la mahudhurio mbele ya wafiwa. DAFTARI. Maiti iko sebuleni. Misa hatukupata, akatumwa katekista kusali robo saa. Jina la parokia silitaji. Halafu unaniambia habari ya kujuana mgonjwa nani?

Mwanajumuiya
Pole dada. Ila tusikie na upande wa pili, inawezekana hakutoa taarifa.

Mama Wawili
Taarifa ya nini wakati tunaishi ukuta kwa ukuta? Mtu akishashika daftari roho inabadilika.

Mlokole wa Zamani
Mnagombana bure. Uamsho wa miaka ya 1930 ulioanzia Uganda uliwapata watu waliookoka kwelikweli, wanatubu hadharani, wanarudisha walichoiba. Wengi wao hawakuhama Anglikana. Walikaa humohumo wakawa moto ndani ya jiko. Mtu anaweza kuwa na Yesu wake na dhehebu lake pia.

Kalamu Kavu
Uamsho huo ulianzia Gahini, na Gahini iko Rwanda, mzee wangu, siyo Uganda.

Mlokole wa Zamani
Walokole wengi walikuwa Waganda. Jibu hoja.

Kalamu Kavu
Nimejibu jiografia.

Nuru ya Asubuhi
Mimi naogopa kitu kimoja. Haya ya kila mtu na Biblia yake ndiyo yaliyotufikisha Shakahola kule Kenya 2023, waumini wakafunga kula mpaka kufa. Watu zaidi ya 400 wamefukuliwa msituni.

Mtembea Pekupeku
Dada, Shakahola kulikuwa na mchungaji, waumini na utii wa kupitiliza. Kanungu kule Uganda mwaka 2000 vilevile, kiongozi kasema, watu wamefuata. Hakuna hata mmoja aliyekufa njaa kwa sababu alibaki kwake na Biblia yake. Huo ni ushahidi wa upande wangu.

Mangi wa Marangu
Turudi kwenye mayai. Bado hujaomba radhi.

Mtembea Pekupeku
Mada yangu ni wokovu, nyinyi mmeng'ang'ania kuku!

Mangi wa Marangu
Nani aliwaleta hapa?

Mama Wawili
Nina swali dogo. Umesema sebuleni mko wanne, na kule juu ukataja wewe na wanao. Mama watoto mbona humtaji?

Mtembea Pekupeku
Yeye anaenda ibada ya kwanza. Akirudi, wanangu wawili na mimi tumeshafungua Biblia, anaungana nasi.

Mama Wawili
Aaah. Kwa hiyo ukifa utazikwa kwa bahasha ya mkeo.

Mangi wa Marangu
🤣🤣🤣 Mama umemmaliza. Na watoto je?

Mtembea Pekupeku
Msiingilie ndoa za watu. Mkubwa yuko darasa la kipaimara, ameamua mwenyewe na mama yake, sikumzuia. Imani ni ya mtu binafsi, ndicho ninachosema tangu mwanzo.

Mwanajumuiya
Darasa la kipaimara la chama kilichoandikishwa Mambo ya Ndani? Na Jumamosi anapelekwa na nani?

Mtembea Pekupeku
Nampeleka mimi na pikipiki. Kwani tatizo liko wapi?