Maneno kumi kila siku, Jumapili hakumbuki hata mawili. Nifanyeje?

Mwana_Rangi3
Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu yuko Form Two, shule ya kata huku Mbagala. Msingi kasoma Kiswahili mwanzo mwisho, sasa karibu kila somo ni Kiingereza na mwisho wa mwaka kuna mtihani wa taifa. Nampa maneno mapya kumi kila asubuhi, usiku namuuliza. Usiku anayo yote. Jumapili tukirudia ya wiki nzima, hamna kitu. Naomba mbinu ya kuyakariri yasitoke. Kejeli sihitaji.

Shangazi wa Tandika
Mwanangu, mpunguzie. Mtoto karudi shule, kachota maji, kaosha vyombo, halafu na wewe na maneno yako. Wa kwangu nilimkazania hivyo hivyo mpaka akawa anaota kwa Kizungu. Leo anauza vitenge Kariakoo, na Wakongo wanaelewana kwa Kifaransa ambacho hakufundishwa na mtu.

Konda Mstaafu
Mimi ngeli nimejifunzia mlangoni, ruti ya Posta. Mzungu kaniuliza "is this seat taken?" Nikamwambia kitachukuliwaje na kimefungwa nati.

Ticha wa Zamu
Mkuu, hayo maneno unayatoa wapi? Taja ya jana.

Mwana_Rangi3
Mtandaoni. Jana kulikuwa na "ubiquitous", "ephemeral", "obsequious". Mengine sina hapa.

Ticha wa Zamu
Nilijua. Hayo ni ya watoto wa Marekani wanaojiandaa na SAT, mtihani wao wa kuombea chuo. Na hata huko, tangu ulipofumuliwa mwaka 2016, maneno ya kutafuta kwa tochi wameyapunguza. Wanauliza neno la kawaida lina maana gani ndani ya aya.

Mimi nasahihisha Bayolojia. Mtoto figo anaijua, lakini swali limesema "differentiate", yeye kaeleza figo ni nini akaenda zake. Mpe "state", "outline", "account for", "whereas". Averil Coxhead alitoa orodha mwaka 2000, familia 570 za maneno yanayojirudia kwenye maandishi ya kitaaluma. Ukiona tabu, fungua madaftari yake mwenyewe, kila anapokwama paandikwe. Matano kwa siku yanatosha. Na usisubiri Jumapili: muulize kesho yake, siku tatu baadaye, kisha wiki. Neno jipya huvuja zaidi siku za mwanzo. Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe akachapisha matokeo mwaka 1885. Halafu atunge sentensi ya hapo hapo nyumbani. Mkaa ukiadimika, "charcoal is scarce". Hilo hatalisahau.

Mzalendo Halisi
Mnahangaika na matawi. Tufundishe kwa Kiswahili mpaka chuo kikuu, tumalize.

Shangazi wa Tandika
Mjadala huo nimeukuta nikiwa Form One. Sasa nina wajukuu.

Mwana_Rangi3
Ticha nashukuru sana, ila orodha siwezi kuibadilisha kwa sasa.

Ticha wa Zamu
Kwa nini? Ni ya mtoto mmoja, si unachana karatasi tu?

Mwana_Rangi3
Sawa, niseme. Si mdogo wangu peke yake. Wako kumi na wanne, nawapigisha pindi uani kwetu, mia tano kwa siku. Na maneno nimeshayatoa kijitabu, nakala 200, wazazi tisa wamelipa. Anayesahau neno anatoa hamsini. Msinirukie, bila faini hawasomi. Isitoshe, mtoto akiyaweza magumu, mepesi yatajileta yenyewe.

Ticha wa Zamu
Hayajileti.

Konda Mstaafu
Kumbe ndiyo maana watoto wa Mbagala siku hizi wanatembea kwa miguu.

Mzee wa Kahawa
CHAI. Tena haina hata tangawizi. Alianza na mdogo mmoja, sasa kumi na wanne, tukilala tukiamka watakuwa shule nzima. Pindi ni jioni, hayo maneno ya asubuhi anampa nani? Huyu anauza kijitabu. Subirini, ataweka namba ya kutuma hela.

Mzalendo Halisi
Hata mimi nilishangaa. Obsequious, Mbagala?

Mwana_Rangi3
Asubuhi natuma kwenye grupu la wazazi la WhatsApp. Namba siweki, na siuzi humu. Mnaosema chai, picha hiyo hapo chini, nimepiga sasa hivi.

*[picha: rundo la vijitabu vya bluu juu ya stuli]*

Ticha wa Zamu
Nimeikuza. Jalada limeandikwa "VOCABLURY".

Shangazi wa Tandika
Yarabi.

Konda Mstaafu
Vyote 200?

Mzee wa Kahawa
Mleta mada naomba radhi, nafuta neno chai. Hili hakuna mtu anaweza kulitunga.

Mwana_Rangi3
Wakuu, kuna anayejua Kariakoo wanapouza stika za kubandika juu ya jalada? Ziwe za bluu.