Tenki limejaa ila shawa haina presha, nianzie wapi?

MamaSahare
Wakuu habari za jioni. Nipo Sahare hapa Tanga, nina tenki la lita 1000 juu ya mnara wa mita 3, maji ya bomba yakija usiku linajaa vizuri tu, ila shawa inachuruzika, mtoto nikimpaka sabuni povu halitoki mpaka nichukue kopo. Cha ajabu koki ya jikoni na ya uani zinatoa maji ya kutosha. Fundi kasema ninunue tenki la lita 3000 eti maji yakiwa mengi yatasukuma, mwingine anasema pampu. Hela ni ya kuungaunga, naombeni ushauri.

KokiNaBomba
Dada, tenki usinunue kabisa. Presha haijali lita, inajali urefu toka usawa wa maji mpaka pale yanapotokea. Mita 10 za kwenda juu ndio ba 1 (ba ni kipimo cha presha). Wewe kitako cha tenki kipo mita 3, shawa ipo kama mita 2, maana yake maji yakipungua unabakiwa na mita 1 tu, yaani ba 0.1, na jikoni koki ipo chini ndio maana inatoka. Kesho fungua kichwa cha shawa ukitoe, acha bomba tupu, kinga ndoo ya lita 20 huku unaangalia saa. Ikijaa kwa dakika 3 hivi basi kichwa ndio kinabana, ikienda dakika 7 au 8 tatizo lipo njiani.

Mtu wa Bagamoyo
Naongezea hapo kwenye njia maana mimi yalinikuta. Fundi alinishushia bomba la plastiki la PPR la milimita 20 toka tenkini mpaka bafuni, na wengi hawajui ile 20 ni kipimo cha nje, ndani inabaki kama milimita 13, halafu elbo, yaani viungo vya kona, kila hatua. Nikaweka 32 kushuka kote, 20 nikaiacha kipande cha mwisho ukutani tu, nikapunguza na kona, tofauti niliiona siku hiyohiyo. Angalia na valvu ya chini ya tenki kama imefunguka yote. Bomba likipanda halafu likashuka njiani, hewa inakaa pale juu na maji hayapiti vizuri.

MamaSahare
Nimerudi wapendwa. Ndoo imejaa dakika 3 na kidogo! Kichwa vitundu vyote vimeziba chokaa nyeupe, kweli maji yakikatika huwa tunajazia ya kisima. Nimekilaza kwenye siki usiku kucha nikasugua na mswaki, sasa mtoto anaoga na povu linatoka. Sio ya kupiga mgongo lakini afadhali sana. Je pampu bado inahitajika?

KokiNaBomba
Hongera dada. Kwanza tafuta kichwa kipana chenye vitundu vikubwa, vile vya vitundu vidogo vidogo vinataka presha ambayo huna. Au siku ukipata nafasi pandisha mnara kwa mita 2 zaidi, ila fundi ujenzi akague nguzo kwanza maana lita 1000 ni tani nzima. Ukiamua pampu, chukua ndogo inayojiwasha maji yakifunguliwa, ifungwe baada ya tenki, usiifunge ivute kwenye bomba la mtaani maana utawanyima majirani na itafyonza uchafu. Na mwambie fundi aache njia ya pembeni isiyopita kwenye pampu, yenye valvu ya kuzuia maji yasirudi, umeme ukikatika muendelee kuoga.