Mtoto kaangukia shimo la karo kwenye kiwanja cha mtu, nani alipe?

Mkazi wa Mabatini: Wadau naombeni mawazo. Jirani yangu huku mlimani Mwanza kachimba shimo la karo kabla ya mvua kaliacha, juu kafunika bati moja lililooza. Uzio wake ulishalala chini, watoto wote wanakatiza hapo kwenda bombani na yeye anawaona kila siku. Juzi mtoto wa dada yangu, miaka 7, kafuata mpira, bati likaachia, mguu umevunjika kafungwa hogo. Mwenye kiwanja anasema kaingia bila hodi, hadaiwi. Ni kweli?

Kijana wa Igogo: Pole kwa mtoto. Ila na nyie wa huko mnaachia watoto kama mbuzi, halafu mnatafuta wa kumbebesha.

Mama Pili: Kama mbuzi?? Saa kumi alfajiri nipo mwaloni Kirumba natafuta dagaa ili hao watoto wale, nikienda niwafunge kamba? Na Igogo kwenu si mawe na milima vilevile!

Msoma Sheria: Tusitukanane. Uingereza 1972 kuna kesi ya Herrington na shirika la reli, mtoto wa miaka 6 alipita kwenye uzio uliobomoka akaungua na reli ya umeme. Kisheria alikuwa mvamizi, yaani kaingia bila ruhusa, na bado akashinda, maana walijua uzio mbovu na watoto wanapita. Mahakama zetu hazilazimiki kuifuata ila inaweza kuzishawishi.

Kijana wa Igogo: Hukohuko Uingereza 2003 kijana aliyejirusha kwenye ziwa la bustani akavunjika shingo alikosa fidia, vibao vya kukataza kuogelea vilikuwepo. Na mimi sijatukana mtu, nimesema wazazi wachunge.

Mama Pili: Umetukana. Huyo wako alikuwa na miaka 18, wa miaka 7 atasoma kibao gani, na hapo kibao kipo wapi? Kwanza futa hiyo mbuzi ndo tuongee.

Kijana wa Igogo: Sifuti. Mama yangu alituchunga sita peke yake na biashara anafanya.

Mama Pili: Alisaidiwa na majirani, muulize vizuri. Siku hizi majirani ndo hao wa mashimo.

Mkazi wa Mabatini: Jamani nimetoka huko sasa hivi. Bati ni lilelile, kaongeza mawe mawili juu, na watoto bado wanapita na madumu. Kesho naenda kwa mwenyekiti wa mtaa, hela ya hospitali tutaidai baadaye, kwanza lifukiwe.