Baba mkwe ameomba soksi ndani ya sauna: fundi ni yule yule

Mwenye uzi

Ndugu wanajamvi, naandika haya taulo likiwa bado kiunoni, kwa sababu nikisubiri kuvaa suruali hasira itapoa, na mambo ya kupoa ndiyo yaliyonileta hapa.

Fundi sina haja ya kumtaja. Ni yule ambaye kila Mswahili wa Helsinki, Espoo na Vantaa hapa Finland amewahi kumsikia akijisifu harusini kwamba amejenga sauna, vile vyumba vya kuogea kwa joto na mvuke, nyingi kuliko Wafini wenyewe, na ambaye futikamba yake ya njano haitoki kiunoni hata siku ya Idi. Nilimwonyesha chumba cha mita 2 kwa 2, dari mita 2.2, yaani karibu mita za ujazo 9. Hesabu inayojulikana ni takriban kilowati 1 kwa kila mita ya ujazo, na mlango wa kioo huongeza mahitaji. Yeye alileta jiko la umeme la kilowati 4.5, akalipigapiga mgongoni kama ng'ombe wa mnadani, akasema linatosha na kubaki.

Benchi la juu akaliweka sentimita 80 kutoka sakafuni, eti watoto wasianguke. Matokeo yake miguu ya mwogaji iko chini ya usawa wa mawe yanayopashwa moto na jiko, na kwa kuwa joto hupanda juu, ukikaa hapo kichwa kiko Tanga na miguu iko Lapland, kule kaskazini kwenye theluji.

Leo jioni baba mkwe, mzee wa miaka 74 aliyezoea sauna tangu hajajua kutembea, amekuja kuizindua. Tuliwasha jiko saa mbili nzima kabla, lakini kipimajoto kiligoma kwenye nyuzi 52, ilhali Mfini huanza kukuheshimu kuanzia 80. Mzee alimwagia mawe maji, na badala ya ile löyly, mvuke unaopanda taratibu na kukufunika mabega, tukasikia msonyo mmoja mfupi, kisha kimya. Akatazama vidole vyake vya miguu kwa muda mrefu. Ndipo, kwa adabu kubwa, akaniuliza kama ninaweza kumpatia soksi.

Soksi. Ndani ya sauna.

Nikampigia simu fundi papo hapo, naye akajibu, sauti ikisikika chumba kizima: "Bwana mdogo, wewe umezaliwa Tanga, joto la nini tena?" Mke wangu akamtafsiria baba yake, na mzee akacheka mpaka soksi moja ikamvuka. Nayo ilikuwa ya sufu, ndugu zangu, iliyofumwa na mama mkwe.

Shangazi wa Espoo

Pole, mwanangu, lakini mimi nimekwama kabla hatujafika kwenye soksi. Ulikaa uchi na baba mkwe wako? Kwetu mkwe ukimwona kwa mbali unabadili njia.

Mwenye uzi

Shangazi, huku ndivyo ilivyo, na kila mtu huangalia mawe. Tatizo ni soksi.

Mzee wa Tampere

Wewe una bahati ya kuhisi baridi tu. Mimi fundi huyo huyo alinigongomelea mbao moja kwa moja juu ya foili ya alumini, bila kuacha nafasi ya hewa kupita, na nilipobandua ubao mmoja baada ya mwaka nilikuta uyoga umestawi kiasi cha kuitwa shamba. Tundu la kutolea hewa nalo alilisahau kabisa.

Kata Mti

Nchi hii ina watu kama milioni 5.5 na sauna zinazokadiriwa kufika milioni 3, na mwaka 2020 UNESCO iliuweka utamaduni huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Katikati ya wataalamu wote hao, mwenye uzi ulimchagua yeye. Tuambie alikupunguzia bei kiasi gani.

Mwenye uzi

Bei haihusiani na soksi.

Kata Mti

Basi alikupunguzia sana.

Mpemba wa Turku

Afadhali ninyi mna sauna zenu. Mimi natumia ya jengo, zamu yangu ni Ijumaa saa moja jioni, na kuna jirani ambaye kila wiki hubaki ndani dakika kumi za zamu yangu, kisha hutoka akiwa ameyalowesha mawe yote na kuniachia jiko linalotoa pumzi ya mgonjwa.

Mzee wa Tampere

Ni mwenye kofia ya sufu? Kwetu pia yupo, na ndoo harudishi.

Mwenye uzi

Ndugu zangu, tulikuwa kwenye soksi.

Shangazi wa Espoo

Mpemba, hiyo zamu ya Ijumaa, kama imekushinda, mimi ningeichukua.