Ferguson TE20: mikono ya nyuma inapanda kwa kwikwi halafu inashuka yenyewe

kijivu_bandani
Wakuu habari, naomba msaada. Nina trekta ya Ferguson TE20, ile ya kijivu, ilikaa bandani muda mrefu nikaiamsha mwezi uliopita, injini haina shida ila haidroliki, ule mfumo wa oili unaonyanyua mikono ya nyuma, ndo inanitoa jasho. Nikipandisha plau inapanda kwa kurukaruka kama mtu mwenye kwikwi, ikifika juu inakuwa kama inaitikia salamu, inashuka kidogo inapanda kidogo, na nikikanyaga klachi tu inaanza kuteremka polepole mpaka chini. Oili ipo kwenye alama. Kila ninayemuuliza ananiambia nunua pampu, sasa kabla sijavunja kibubu nauliza, kweli ni pampu?

vunjabolti
Lever ya PTO (ile shafti inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta) umeiingiza? Kwenye hiyo trekta pampu inazungushwa na shafti ya PTO, ukiiacha nje hamna haidroliki.

kijivu_bandani
Nimeingiza mkuu, ingekuwa nje isingepanda kabisa.

grisi_kiwikoni
Usinunue kitu bado. Hapo una magonjwa mawili tofauti na watu wanayachanganya.

Kwikwi wakati wa kupanda ndo ya pampu. Ina pistoni nne zinazosukuma kwa zamu, na vali zake za kuvuta na kutoa oili zimekaa kwenye vyumba viwili, huku na huku. Vali moja ikibanwa na uchafu au ikishikwa na kutu, ile zamu yake inapita bure, ndo maana mkono unaruka. Mara nyingi ni kusafisha na kubadili gasketi tu, pampu yenyewe haina shida.

Hiyo ya kuitikia na kushuka ni uvujaji. Plau ikiwa juu vali ya kontroli, ile inayoamua oili iingie au itoke, inajifunga, oili ikivuja mkono unashuka kidogo, kontroli inaona, inafungua, pampu inajaza tena, ndo huo mtikisiko. Ukikanyaga klachi shafti inasimama, hakuna wa kujaza, unashuka moja kwa moja. Sasa inavujia wapi? Inaweza kuwa ringi za pistoni ya silinda ya kunyanyulia, inaweza kuwa vali ya usalama, au huko huko kwenye vyumba vya pampu.

Usikisie. Punguza oili mpaka iwe chini ya kile kifuniko cha pembeni, pandisha uzito, zima injini, ndo ufungue kifuniko na umulike na tochi. Vidole visiingie humo kabisa injini ikiwa inawaka, na usikae chini ya plau hata dakika moja. Ukiona oili inachuruzika mdomoni mwa silinda, pale pistoni inapotokea, ni ringi. Silinda ikiwa kavu na pampu ndo inatoka jasho, hapo sasa tuongelee pampu.

mtu_wa_diski
Mimi ningemwaga hiyo oili yote niweke haidroliki nyepesi, inapanda haraka

grisi_kiwikoni
Hapana ndugu. Oili hiyo hiyo ndo inalainisha giaboksi na difu, ukiweka nyepesi ili mikono ipande haraka gia zitakulilia. Fuata kitabu cha trekta.

kijivu_bandani
Nimerudi. Nilipofungua oili imetoka rangi ya maziwa, kumbe maji yaliingia, hapo ndo nikaelewa kutu imetoka wapi. Silinda inachuruzika kweli, matone yanafuatana. Tumetoa siti na kifuniko cha juu, kizito hicho, tulikinyanyua kwa mnyororo watu wawili, ringi moja imekatika vipande viwili. Pampu nayo nimeitoa, chumba cha kushoto vali imeganda na matope, nimeiosha sasa inacheza.

grisi_kiwikoni
Safi. Pitisha kidole ndani ya silinda, kama kuna mchirizi unaoshika ukucha ringi mpya haitadumu. Na ukirudisha kifuniko, chungulia kwenye dirisha la pembeni uhakikishe uma wa kontroli, kile chuma chenye ncha mbili kinachosogeza vali ya kontroli, umekaa mahali pake kwenye vali, kabla hujakaza bolti. Mimi niliwahi kukaza zote, nikajaza oili, nikawasha, kimya. Nikarudia kazi yote kuanzia siti.

kijivu_bandani
Uma ulikuwa nje kweli!! umeniokoa. Nimejaza oili mpya, inapanda laini kama lifti. Jana jioni niliacha plau juu makusudi nikapima, asubuhi imeshuka vidole viwili tu.

vunjabolti
Vidole viwili kwa trekta ya umri huo ni sawa. Ila plau iweke chini usiku mkuu, banda halina mlango na watoto wanapita.

kijivu_bandani
Nimeshaishusha.